Drili ya chaji kwa kazi za nyumbani: anzia juu ya dirisha lako

Swali: "Shikamoo fundi. Tumehamia kwetu Kigamboni, nyumba ya tofali, bado hatujaimaliza. Kila nikitaka tundu moja ukutani inabidi nimtafute fundi, na siku inapita. Nataka drili yangu mwenyewe ya chaji. Kazi zangu ni fimbo za pazia kwenye madirisha 7, kutundika televisheni, shelfu za jikoni, kitanda cha mninga kilichoanza kulegea, na banda la kuku nyuma ya nyumba. Nimetenga laki mbili na nusu. Kariakoo nimeoneshwa drili tatu: moja imeandikwa 12V, nyingine 20V, ya tatu 48V, na hiyo ya 48V ni rahisi kuliko ya 20V. Muuzaji anasema namba kubwa ndiyo nguvu. Nichukue ipi? Mdogo wangu yuko Marekani, anasema anaweza kuniletea akija Desemba. Nimsubiri?"

Marahaba dada yangu, na hongera sana kwa kuhamia kwenu.

Nikujibu kwa ufupi kwanza, maana najua una hamu ya kwenda dukani. Chukua ya 20V, mradi iwe na alama ya nyundo kwenye pete ya mbele, ije na betri mbili, na iwe ya kampuni ambayo betri yake unaweza kuinunua peke yake. Ya 48V iache hapohapo ilipo. Ya 12V ni mashine nzuri na mimi mwenyewe ninayo, ila madirisha yako yataishinda. Mdogo wako nitamfikia mbele, kuna jambo la chaja ambalo lazima alijue kabla hajanunua.

Sasa tuanze na madirisha, kwa sababu ndiyo yatakayoamua pesa yako iende wapi.

Simama chumbani uangalie juu ya dirisha. Pale unapotaka kufunga fimbo ya pazia, sentimita 10 au 15 juu ya fremu, nyuma ya rangi na lipu hakuna tofali. Kuna linta, ule mkanda wa zege unaoizunguka nyumba, na ndani yake nondo zimelala kwa urefu zikiwa zimefungwa kwa ringi. Zege la linta mafundi wetu kwa kawaida hulichanganya 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Kokoto hizo ndizo utakazokutana nazo. Tofali la mchanga na saruji hutobolewa hata na drili dhaifu. Zege lenye kokoto ni habari nyingine kabisa.

Nimeona jambo hili likiwakuta watu wengi. Mtu ananunua drili, anaijaribu kwenye ukuta wa sebule, biti (kile chuma cha mbele kinachotoboa) inaingia kama kisu kwenye ndizi mbivu, anafurahi. Jumamosi anapanda stuli dirishani na fimbo ya pazia mkononi. Drili inalia, vumbi kidogo linatoka, dakika tatu zinapita, anachomoa biti: ncha imegeuka bluu kwa moto na tundu lina kina cha kucha. Anarudi dukani kulalamika kwamba kauziwa feki. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi zaidi drili ni nzima, ila hakuna aliyemwambia kwamba ukuta wa nyumba yake ni wa aina mbili.

Ndiyo maana nasisitiza alama ya nyundo. Drili nyingi za chaji zinauzwa kwa namna mbili zinazofanana kama mapacha: moja inazunguka tu, nyingine inazunguka na kugonga. Iangalie ile pete ya mbele yenye namba. Yenye alama ya biti ya kutobolea na alama ya skrubu peke yake haigongi. Yenye alama ya tatu, kijinyundo, inagonga. Tofauti ya bei huwa si kubwa, na wauzaji wengi hawaitaji mpaka uulize.

Hata hivyo uelewe hiyo nyundo inafanya nini, usije ukaitegemea kupita uwezo wake. Ndani kuna visahani viwili vya chuma vyenye meno. Ukikandamiza, meno yanapandana na kushuka, na biti inatikisika mbele na nyuma mara 20,000 na zaidi kwa dakika. Kila pigo ni dogo, na nguvu ya kusukuma ni ya mkono wako. Ile mashine kubwa ya mafundi, ya SDS, ambayo biti yake ina vijia kwenye kitako na inaingia kwa kubofya, ina pistoni ndani. Pistoni inabana hewa, hewa inarusha kipande cha chuma, nacho kinapiga kitako cha biti. Mapigo yake ni machache lakini mazito, na huhitaji kukandamiza. Kwenye linta, SDS inamaliza tundu kwa sekunde kadhaa. Drili yako itachukua dakika, na itakutaka uwe na subira.

Sasa tupige hesabu. Madirisha 7, kila fimbo na vishikio 2, kila kishikio na skrubu 2: matundu 28, yote kwenye zege. Hapo una njia mbili, na zote nzuri. Ya kwanza, umlipe fundi mwenye SDS siku moja, umpangie alama zote 28 kwa penseli na zile za televisheni, atoboe yote asubuhi moja, na wewe ufunge vishikio mwenyewe kwa drili yako. Ya pili, ufanye mwenyewe dirisha moja kila jioni. Ukichagua ya pili, anza na biti ya milimita 4, halafu ifuate ya 6. Toboa sekunde 10, chomoa, acha vumbi litoke, rudi tena. Ukikandamiza dakika nzima bila kuchomoa, vumbi linaziba tundu, joto linapanda, na biti inakufa.

Utajuaje umeshafika kwenye zege? Vumbi litakuambia. La tofali ni la mchangamchanga na linamwagika haraka. La zege ni laini kama unga wa muhogo na linatoka kidogokidogo. Ukisikia mlio umepanda ghafla, umegonga kokoto: punguza mwendo, ongeza mkono kidogo, itapita. Ukisikia chuma kwa chuma na vumbi limekatika kabisa, hiyo ni nondo. Acha mara moja, usishindane nayo. Na hapa watu hukosea: wanahamia kando. Nondo za linta zimelala, ukienda kando utaikuta nondo ileile. Hamia juu au chini sentimita 3.

Kwa ukuta wa tofali fanya kinyume. Zima nyundo. Tofali zetu nyingi zina mchanga mwingi kuliko saruji, na ukizigonga tundu linapanuka, linakuwa kama mdomo wa mtungi, fisha (kile kiplastiki cha kushikilia skrubu) inacheza ndani, na televisheni yako itakuwa imeshikwa na dua. Toboa kwa kuzungusha tu, mkono umenyooka. Fisha ya 8 inataka biti ya 8, si ya 10 "ili iingie vizuri". Inatakiwa uigonge kidogo kwa nyundo ndipo izame. Na iwe ndefu, kwa sababu lipu pekee inaweza kuwa na unene wa sentimita 1 mpaka 2, na fisha fupi inaishia kwenye lipu bila kuligusa tofali. Kwa televisheni mimi hutumia ya milimita 8 au 10 yenye urefu wa sentimita 6 au zaidi. Hiki kiplastiki tunachokiita fisha, kwa taarifa yako, kimechukua jina la mtu: Artur Fischer, Mjerumani aliyekibuni mwaka 1958. Kabla yake kulikuwa na vya aina nyingine, lakini chake cha plastiki ndicho kilichofika mpaka duka la mtaani kwako.

Sasa namba za Kariakoo. Mwaka juzi mteja aliniletea drili imeandikwa 48V kwa maandishi makubwa ya njano. Alilalamika kwamba haimalizi kazi. Nilichukua betri, nikafungua skrubu zake nne, nikaiweka mezani mbele yake ikiwa wazi. Ndani kulikuwa na seli tano zimepangwa kama betri za tochi, kila moja kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65, zimeunganishwa kwa bati jembamba. Nikachukua mita nikapima ncha kwa ncha: volti 20 na pointi kidogo. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6 katika kazi ya kawaida, na ikijaa kabisa inafika 4.2. Tano mara 3.6 ni 18. Tano mara 4.2 ni 21. Ili ufike 48 unahitaji seli 13 zimefuatana, na 13 haziwezi kuingia kwenye kiboksi kile hata ukizisukuma kwa mguu. Yule mteja alikaa kimya, akauliza tu, "Kwa hiyo namba hii wameandika tu?" Ndiyo, wameandika tu. Na inaniuma, kwa sababu wanaonunua kwa namba ndio wale waliojibana miezi mitatu kuzipata hizo pesa.

Hesabu hiyohiyo inakuonesha kwa nini 18V na 20V ni kitu kimoja. Ni seli tano zilezile: mmoja anaandika volti za kazini, mwingine anaandika volti za betri iliyojaa. Kampuni ya DeWalt wenyewe betri ileile wanaiuza Marekani kwa jina la 20V MAX na Ulaya kwa jina la 18V. Ile ya 21V utakayoiona pia ni haohao. Na 12V ni seli tatu: kazini 10.8, ikijaa inapita kidogo 12. Kwa hiyo usilipe zaidi kwa sababu mmoja kaandika 20 na mwenzake 18.

Namba mbili nyingine ndizo za kusoma. Ya kwanza ni Ah, iliyoandikwa kwenye betri: 1.5, 2.0, 4.0. Hiyo ni ukubwa wa tangi. Zidisha kwa volti upate nishati yote: 18 mara 2.0 ni Wh 36. Betri halali mara nyingi ina hizo Wh zimeandikwa kwenye lebo. Ikiwa imeandikwa volti za ajabu na Wh hazionekani popote, weka alama ya kuuliza. Kwa mkono wako, nakushauri betri mbili za 2.0 badala ya moja ya 4.0. Ya 4.0 ni nzito, na ukiwa umesimama juu ya stuli umenyoosha mikono, uzito huo utausikia begani. Halafu ukiwa na mbili, moja inafanya kazi na nyingine iko kwenye chaja, na umeme ukikatika bado una akiba.

Ya pili ni Nm, nguvu ya kukaza. Kwa nyumba, mashine ya 18V yenye Nm 40 mpaka 60 inakutosha na kubaki. Drili ya kukazia Nm 100 ni ya fundi anayefunga boliti kubwa kutwa nzima, na ikikwama ghafla inaweza kukutegua kiwiko.

Watakuambia pia kuhusu mota isiyo na kaboni. Kaboni ni vile vipande viwili vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye mota inayozunguka. Vinalika polepole na mwisho hubadilishwa. Mota isiyo na kaboni inadumu zaidi, haipotezi chaji kwa msuguano, na ni ndogo. Kama tofauti ya bei ni ndogo, ichukue. Ila kwa bajeti yako, na kwa kazi ya matundu machache kwa mwezi, mimi ningechukua yenye kaboni na kuweka pesa kwenye betri ya pili. Kaboni ikiisha, fundi wa mashine anaweza kukubadilishia kwa gharama ndogo. Ile nyingine kinachokufa mara nyingi ni bodi ya umeme, na bodi haitengenezeki kirahisi.

Jambo ninalotaka ulitilie mkazo kuliko hayo yote ni betri ya kesho. Mwili wa drili, usipoudondosha kutoka ghorofani, unakaa miaka mingi. Betri inachoka. Siku ikichoka, kama haiuzwi peke yake, una chuma cha kuzuia mlango. Kwa hiyo dukani, kabla hujauliza bei ya drili, uliza: "Betri hii ikifa, nipe bei ya betri tupu." Akikuonesha ipo rafuni na ina bei, endelea. Akikuambia "haifi hiyo, dada", toka. Kila kampuni ina ukoo wake wa betri na hazivuki: ya Makita haiingii Bosch, na hata ndani ya Bosch, ya drili za kijani za nyumbani za 18V haiingii zile za bluu za mafundi. Drili za Ingco na Total zimeenea kwetu, na sababu mojawapo ninayowaelekeza watu huko ni kwamba betri na vipuri vyake vinapatikana bila kuagiza. Ukishachagua ukoo, baki humo. Kesho ukitaka msumeno au tochi, unanunua mwili mtupu na betri unazo.

Ndio maana pia siwashauri watu drili za mtumba kutoka makontena. Black & Decker walitoa drili ya kwanza isiyo na waya mwaka 1961 kwa betri za nikeli na kadimiamu, na betri za aina hiyo ziliendelea kutumika miongo mingi. Lithiamu iliingia kwenye mashine za mikono miaka ya 2000. Milwaukee walitoa yao ya volti 28 mwaka 2005. Zile za zamani ndizo nyingi kwenye mtumba. Unazijua kwa betri yenye shingo ndefu inayoingia ndani ya mpini na maandishi NiCd. Mwili wake mara nyingi ni imara kuliko za leo, lakini betri imekufa na hupati nyingine.

Sasa mdogo wako. Akuletee, si vibaya, na huko bei mara nyingi ni nzuri. Ila mwambie aigeuze chaja asome maandishi madogo. Kama imeandikwa 120V, 60Hz, chaja hiyo ikiguswa na umeme wetu wa volti 230 inaungua hapohapo, na adapta ya kubadilisha pini haiiokoi, kwa sababu adapta hubadilisha umbo la pini tu. Kama imeandikwa 100–240V, haina shida. Zikiwa za 120V, aje na drili na betri, na wewe ununue huku chaja ya kampuni hiyohiyo. Hakikisha kwanza inapatikana, la sivyo mpango wote unakufa. Kwenye ndege, betri za akiba aziweke kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, na kila moja isizidi Wh 100. Ya 18V yenye Ah 5 ni Wh 90, inapita. Wanaoletewa kutoka Dubai au Muscat wana nafuu, kwa sababu umeme wa kule unalandana na wetu na pini za tundu tatu zinaingia moja kwa moja.

Lakini unahitaji pazia sasa. Nisingemsubiri mpaka Desemba. Mwambie akuletee biti nzuri, hazina uzito na huku feki ni nyingi.

Ukienda dukani nenda na vitu viwili kwenye mkoba: kipande cha mbao kigumu cha urefu wa kiganja, na skrubu tatu za kama inchi 2. Omba betri iwekwe. Shika drili jinsi utakavyoishika nyumbani, mkono umenyooka, hesabu mpaka 30. Ukiona mkono unatetemeka ujue ni nzito kwako, na hakuna aibu katika hilo, kwa sababu drili nzito isiyotulia inatoboa tundu la mviringo mbovu. Kisha funga biti, bonyeza swichi kidogo sana. Inatakiwa ianze taratibu kama inayosita, halafu iongeze kasi kadiri unavyobonyeza. Inayoruka moja kwa moja kwenye kasi kubwa itakuharibia kila skrubu. Itazame ncha ya biti inapozunguka polepole: ikichora duara hewani, taya zinazoishika biti zimepinda, omba nyingine. Achia swichi: mzunguko usimame papo hapo.

Mwisho jaribu klachi, ile pete yenye namba. Iweke 3, kaza skrubu kwenye kipande chako. Ikifika mahali ikasema ta-ta-ta-ta na kuacha kukaza, klachi inafanya kazi. Iweke 15, iendelee mbele. Hiki ndicho kinachokuzuia kukata kichwa cha skrubu au kupasua ubao wa shelfu, na kwa kazi zako utakitumia zaidi hata kuliko nyundo. Taya ziwe zinazofungua mpaka milimita 13 ukipata. Za 10 zinatosha kwa nyumba, ila 13 inakupa uhuru wa biti nene. Gia mbili, kile kitufe cha juu chenye 1 na 2, ni lazima: 1 kwa skrubu na matundu makubwa, 2 kwa kutoboa.

Katika laki mbili na nusu yako, usiimalize yote kwenye drili. Bakiza ya biti, maana drili nzuri yenye biti mbovu haitoboi. Usinunue lile boksi la vipande 100, vingi humo hutavigusa na vinakatika kama njiti. Nunua za zege tatu, milimita 4, 6 na 8, zile zenye kipande kigumu kama kikoleo kidogo kilichobandikwa kwenye ncha. Za mbao, 3 na 5, zenye kincha kama msumari katikati ili zisiteleze. Na vichwa vya bisibisi vya nyota, ambavyo ni vya aina mbili na watu hawajui: PH2 na PZ2. Chukua skrubu yako uikaribie jicho. Ukiona msalaba peke yake, ni PH. Ukiona kati ya mikono ya msalaba kuna vistari vidogo vinne, ni PZ. Ukivichanganya, kichwa kinaruka na kukikwangua, na skrubu haitoki tena.

Kitanda cha mninga usikikaze skrubu kavu. Mninga si mgumu kama mkongo, lakini karibu na ncha ya ubao unapasuka. Toboa kwanza tundu jembamba kuliko skrubu, kwa skrubu ya milimita 5 tumia biti ya 3, halafu isugue skrubu kwenye kipande cha sabuni ya kufulia kabla hujaiingiza. Nilipokuwa najifunza useremala Keko, mwalimu wangu alikuwa na mche wa sabuni mezani ambao haujawahi kufua nguo. Kama tundu la zamani limepanuka na skrubu inazunguka bure, ziba kwa njiti ya mbao iliyopakwa gundi, acha ikauke usiku, toboa upya. Banda la kuku ndiyo kazi rahisi kuliko zote, fanya hilo mwanzo upate mkono.

Kuna faida moja ya drili ya chaji ambayo muuzaji hatakutajia na mimi naiona kubwa kuliko kukosa waya: unaweza kuzima meni swichi ya nyumba nzima ndipo utoboe. Mwenye drili ya waya hawezi. Nyaya zilizozikwa ukutani kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi, kwa hiyo usitoboe juu wala chini ya swichi kwa mstari ulionyooka. Lakini mafundi wengine huzipitisha mshazari ili kuokoa bomba, na hilo hulioni kwa macho. Zima, toboa, washa. Bafuni na jikoni fikiria mabomba ya maji vilevile. Vaa miwani hata ya bei nafuu, hasa ukitoboa juu ya kichwa, na barakoa. Vumbi la zege si la kuvuta.

Betri usiiache kwenye gari juani wala dirishani. Ikitoka kwenye kazi ikiwa ya moto, iache ipoe ndipo uichaji. Drili ikianza kuishiwa nguvu, badilisha, usiikamue mpaka izime. Na kwa kuwa uko Kigamboni na upepo wa bahari unakula kila chuma, kila baada ya wiki kadhaa futa taya kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani na uirudishe kwenye boksi lake.

Jioni ya kwanza chaji betri zote mbili mpaka taa ya chaja ibadilike, kisha toboa matundu yako mawili ya kwanza ukutani mahali ambapo kabati litasimama. Weka fisha, funga skrubu, ning'iniza ndoo ya maji lita 10 usiku kucha. Asubuhi ukikuta fisha haijasogea, panda kwenye dirisha dogo kuliko yote uanze na pazia lake. Ukikutana na nondo sehemu zote mbili, juu na chini, niandikie ukinitajia umbali kutoka kwenye fremu, nikuelekeze jinsi ya kufunga ubao mmoja mrefu utakaobeba vishikio vyote kwa matundu machache.